Kifua kikuu: Dawa huua upesi, chembe za kinga hutulia polepole

MGONJWA wa kifua kikuu anayeanza dawa katika eneo la Kasikeu, Kaunti ya Makueni, aghalabu huanza kuona nafuu kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Homa ya jioni humwacha, jasho la usiku hukatika, kikohozi hupungua na hamu ya chakula humrudia. Kufikia mwezi wa pili, jirani anayekutana naye akipanda gari kuelekea Sultan Hamud hawezi kujua kwamba mtu huyo alikuwa mgonjwa. Hata hivyo kadi yake ya kliniki ingali inamwambia kwamba amebakisha miezi minne ya kumeza vidonge kila siku.

Hapo ndipo wengi huanza kujiuliza iwapo miezi hiyo minne ina kazi yoyote. Jibu wanalopewa huwa ni amri: maliza dawa. Amri hiyo ni sahihi, lakini ni nadra mgonjwa kuelezwa sababu yake, na sababu yenyewe haimo katika vidonge pekee. Sehemu yake kubwa imo katika damu na mapafu ya mgonjwa, katika chembe za kinga ambazo zilikuwa vitani kwa wiki au miezi kadhaa kabla ya dawa kufika, na ambazo huitikia dawa kwa namna inayoweza kumhadaa mgonjwa na hata daktari wake.

Kasikeu ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Kilome, si mbali na barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Ni sehemu ya nchi kame iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka wa 1992, Makueni ilipopewa wilaya yake. Watu wake hulima mahindi, mbaazi na kunde kwa kutegemea mvua isiyoaminika, na wengi huondoka kutafuta vibarua mijini. Maisha ya namna hiyo, ya kwenda na kurudi, ya vyumba vya kukodi vilivyojaa watu na ya misimu ya njaa, ndiyo kifua kikuu hupenda. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, idadi iliyozidi ilivyokadiriwa hapo awali. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 10.8 waliugua mwaka wa 2023 na milioni 1.25 wakafariki, ingawa dawa za kuutibu ugonjwa huu zimekuwepo kwa zaidi ya miaka 70.

Vita kabla ya dawa

Bakteria wa kifua kikuu, ambao Robert Koch wa Ujerumani aliwatambulisha ulimwenguni mwaka wa 1882, huingia mwilini kwa pumzi. Wanapofika kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, hupokewa na chembe kubwa za ulinzi ziitwazo makrofeji. Kazi ya makrofeji ni kumeza kila kigeni na kukiyeyusha kwa asidi na vimeng'enya. Lakini bakteria huyu ana hila. Akishamezwa, huzuia kile kifuko alimofungiwa kisiungane na vifuko vyenye vimeng'enya vya kumyeyusha. Matokeo yake ni kwamba mlinzi hugeuka kuwa nyumba ya adui, na adui huzaliana humo, polepole, mara moja kwa karibu kila siku moja.

Msaada huja baada ya wiki kadhaa. Chembe T, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, hufundishwa kumtambua bakteria huyo ndani ya tezi, kisha husafiri hadi mapafuni. Huko hutoa kemikali iitwayo interferoni gama, ambayo huzipa makrofeji nguvu mpya za kuua. Chembe hizo zote hukusanyika kuwazunguka bakteria na kufanya kinundu, ambacho wataalamu hukiita granuloma. Kwa watu wengi vita huishia hapo: bakteria hufungiwa, mtu haugui, na huenda asijue maisha yake yote kwamba aliwahi kuambukizwa.

Kwa wachache ukuta huo hubomoka. Katikati ya kinundu nyama ya pafu hufa na kuwa kama jibini laini, kisha huyeyuka na kufungua njia hadi kwenye mirija ya hewa. Shimo linalobaki huweza kubeba bakteria mamilioni kwa mamilioni, na kila kikohozi huwatoa nje. Hapo huingia chembe nyingine, nyutrofili, askari wa mbio ambao huishi muda mfupi na hupigana bila kuchagua. Uchunguzi wa makohozi ya wagonjwa umeonyesha kwamba chembe nyingi zilizobeba bakteria katika njia zao za hewa huwa ni hizi nyutrofili. Vimeng'enya vyao huunguza bakteria na pafu kwa pamoja.

Inafaa kusisitizwa kwamba sehemu kubwa ya maumivu ya kifua kikuu hutokana na mapigano hayo. Bakteria huyu hana sumu kali kama ile ya pepopunda. Homa, jasho, kukonda na hata matundu ya mapafuni ni kazi ya kinga yenyewe ikipigana bila ushindi. Kemikali moja inayotolewa na makrofeji, iitwayo TNF, iliwahi kupewa jina lenye maana ya kukondesha kwa sababu huwaondolea wanyama hamu ya kula na kumaliza misuli yao.

Siku mbili za kwanza

Mgonjwa wa kawaida, ambaye bakteria wake hawajapata usugu, hupewa dawa nne kwa miezi miwili: rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli. Kisha hubakiwa na mbili, rifampisini na isoniazidi, kwa miezi minne. Katika vituo vya umma nchini Kenya hutolewa bila malipo.

Mengi ya yale yanayojulikana kuhusu kasi ya dawa hizi yalipatikana Nairobi. Amina Jindani, Denis Mitchison na wenzao walichapisha mwaka wa 1980 matokeo ya uchunguzi uliohusisha wagonjwa 124 waliokuwa wamegunduliwa karibuni. Walikusanya makohozi ya kila mgonjwa, wakahesabu bakteria walio hai siku baada ya siku kwa muda wa hadi wiki mbili, na kulinganisha dawa mbalimbali pamoja na vipimo mbalimbali vya kila dawa. Isoniazidi ndiyo iliyong'aa. Katika siku mbili za mwanzo peke yake iliua takriban bakteria 95 kati ya kila 100 waliokuwa katika makohozi. Mbinu hiyo ya Nairobi ingali ndiyo inayotumiwa ulimwenguni kupima dawa mpya za kifua kikuu katika hatua za mwanzo.

Lakini takwimu hizo zilionyesha jambo la pili, lenye uzito zaidi kwa mgonjwa. Baada ya siku mbili, kasi ya kuua ilipungua mno. Waliokufa upesi ni wale waliokuwa wakizaliana kwa nguvu katika kuta za matundu ya mapafu. Waliobaki walikuwa wametulia, wengine karibu na usingizi, na isoniazidi haimwui vizuri bakteria aliyelala. Kuwamaliza hao ndiko kunakochukua miezi, na ndiyo kazi hasa ya rifampisini na pirazinamaidi.

Damu hubadilika

Chembe za kinga huhisi mabadiliko hayo mapema sana. Mwaka wa 2010 kundi la watafiti lililoongozwa na Anne O'Garra wa London lilichapisha uchunguzi wa damu ya wagonjwa wa Uingereza na Afrika Kusini. Waligundua kwamba jeni 393 ndani ya chembe nyeupe za wagonjwa zilikuwa na mwenendo wa pekee, nyingi zikiwa zimewashwa na interferoni, hasa katika nyutrofili. Ilikuwa kama saini ya ugonjwa iliyoandikwa katika damu. Kadiri picha ya eksirei ilivyoonyesha pafu lililoharibika zaidi, ndivyo saini ilivyokolea.

Saini hiyo hufifia mgonjwa anapomeza dawa. Tafiti za Afrika Kusini zilizochapishwa mwaka wa 2012 na 2013 zilionyesha kwamba mabadiliko huanza kuonekana katika wiki ya kwanza au ya pili. Jeni zinazochochea uvimbe ndizo hunyamaza kwanza. Nyutrofili hupungua katika damu. Monosaiti, ambazo ni chembe changa zinazogeuka kuwa makrofeji zikiingia mwilini, nazo hurudi taratibu kwenye uwiano wake wa kawaida na chembe za limfu. Uhusiano huo wa monosaiti na kifua kikuu si habari mpya: Florence Sabin na wenzake nchini Marekani waliuandika mwaka wa 1925, kwa darubini na subira tu.

Chembe T hufuata, kwa mwendo wake. Mgonjwa anapougua, zile chembe T zinazomtambua bakteria wa kifua kikuu huvaa alama fulani juu ya ngozi yake zinazoonyesha kwamba ziko kazini. Alama mbili zinazotajwa sana ni HLA-DR na CD38. Bakteria wanapouawa, kichocheo hupungua, na chembe hizo huvua alama hizo moja moja. Nchini Tanzania, watafiti wa Mbeya wakishirikiana na wenzao wa Ujerumani walifuatilia wagonjwa waliokuwa wakitibiwa na kuonyesha mwaka wa 2018 kwamba kupungua kwa alama hizo kunaenda sambamba na kusafika kwa makohozi. Kabla ya hapo, mwaka wa 2014, kipimo cha namna hiyo kilijaribiwa kwa watoto wa Mbeya na Bagamoyo. Watoto ni wagumu kuchunguzwa kwa sababu hawawezi kutoa makohozi, hivyo kipimo cha damu kingewafaa kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo mgonjwa wa Kasikeu anapohisi katika wiki ya tatu kwamba mwili umekuwa mwepesi, hajidanganyi. Chembe zake za kinga zimepunguza mapigano, TNF imeshuka, na ubongo haupokei tena amri ya homa. Anachohisi ni utulivu wa jeshi lake mwenyewe, na jeshi hutulia pale adui anapopungua, hata kabla hajakwisha.

Makimbilio ndani ya chembe

Wataalamu waliamini kwa muda mrefu kwamba antibiotiki hufanya kazi peke yake na kinga hutazama. Utafiti wa miaka ya karibuni umebadili picha hiyo pande zote mbili.

Upande mmoja, chembe za kinga huisaidia dawa. Mwaka wa 2012 watafiti wa Korea Kusini na wenzao walionyesha kwamba isoniazidi na pirazinamaidi huichochea makrofeji kufanya usafi wa ndani, yaani kufunga na kuyeyusha vitu vilivyochakaa pamoja na bakteria waliomo. Njia hiyo ya usafi ilipozibwa, dawa zilipoteza sehemu ya makali yake. Pirazinamaidi yenyewe ni mfano mzuri. Haifanyi kazi vyema isipokuwa mahali penye asidi, na asidi hiyo hupatikana ndani ya makrofeji na katika nyama iliyovimba. Mwaka wa 2020 watafiti wa Ufaransa waliripoti kwamba bedakwilini, dawa inayopewa wagonjwa wenye kifua kikuu sugu, huziamsha makrofeji kiasi cha kuweza kuua hata bakteria wa aina nyingine ambao dawa hiyo haiwagusi.

Upande wa pili, chembe hizo hizo humficha adui. Mwaka wa 2011 ilithibitishwa kwamba bakteria wanaoishi ndani ya makrofeji huwasha pampu ndogondogo za kutapikia dawa nje, na hivyo kuistahimili bila ya kuwa na usugu wa kurithi. Na katikati ya kinundu, palipokufa, damu haifiki, na baadhi ya dawa hupenya kwa shida. Hao ndio wale waliolala. Damu ya mgonjwa hairipoti habari zao kwa sababu hawafanyi fujo ya kuiamsha kinga.

Funzo la mwaka wa 1972

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu hatari ya utulivu huo ulipatikana Afrika Mashariki, kabla ya sayansi ya jeni. Wakati huo tiba ya kawaida ilichukua miezi 18, na wagonjwa wengi hawakuimaliza. Mwaka wa 1970 Mabaraza ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza yalianza kuwatibu wagonjwa katika hospitali za eneo hili kwa miezi sita tu. Matokeo yalianza kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1972.

Wagonjwa waligawanywa katika makundi. Wote wa miezi sita walipata isoniazidi pamoja na sindano ya streptomaisini. Kundi moja halikuongezwa chochote, na mengine yaliongezwa ama rifampisini, ama pirazinamaidi, ama thiasetazoni. Tiba ilipokwisha, karibu wagonjwa wote wa kila kundi walikuwa na makohozi safi. Kwa macho ya daktari, ya maabara na ya mgonjwa mwenyewe, makundi hayo hayakuwa na tofauti ya maana.

Tofauti ilijitokeza dawa zilipoachwa. Katika kundi la streptomaisini na isoniazidi pekee, asilimia 29 walirudiwa na ugonjwa. Walioongezwa thiasetazoni walirudiwa kwa asilimia 22, walioongezwa pirazinamaidi asilimia 8, na walioongezwa rifampisini asilimia 3, sawa na wale waliotibiwa kwa miezi 18. Wengi wa waliorudiwa walirudiwa katika miezi michache ya kwanza baada ya kuacha dawa. Bakteria waliolala waliamka, na kinga iliyokuwa imepumzika ikalazimika kuanza upya.

Tiba ya miezi sita inayotumiwa ulimwenguni leo ina mizizi yake katika majaribio hayo, jambo ambalo vitabu vya shule za Afrika Mashariki vingefaa kulitaja mara nyingi zaidi. Watafiti hao hao walijaribu pia miezi minne, na kiwango cha kurudiwa kikapanda hadi kati ya asilimia 11 na 40 kulingana na dawa zilizotumika. Mtu anayeacha vidonge mwezi wa nne leo anarudia kwa hiari jaribio ambalo jibu lake limejulikana kwa zaidi ya miaka 40.

Mwaka wa 2014 funzo hilo lilirudi tena. Majaribio mawili makubwa, yote yakihusisha wagonjwa wa Kenya, yalijaribu kufupisha tiba hadi miezi minne kwa dawa mpya zaidi za jamii ya kwinoloni. Katika mojawapo, lililotumia moksifloksasini, makohozi ya wagonjwa yalisafika mapema kuliko ya wale wa tiba ya kawaida, na hata hivyo waliorudiwa baadaye walikuwa wengi zaidi. Ni mwaka wa 2021 tu ndipo mchanganyiko wa miezi minne wenye rifapentini na moksifloksasini ulipoweza kulingana na ule wa miezi sita, katika jaribio ambalo Kenya na Uganda zilishiriki. Huo ni mchanganyiko tofauti wa dawa. Hauwi ruhusa ya kukatiza ule wa kawaida.

Kinga inaporudi kwa kishindo

Kuna wagonjwa ambao hadithi yao huenda kinyume. Kifua kikuu na virusi vya HIV mara nyingi huandamana, na mgonjwa mwenye vyote viwili huwa na chembe T chache. Mapafu yake huenda yasionyeshe matundu, kwa kuwa hana askari wa kutosha kuyachimba, ilhali bakteria wametapakaa mwili mzima. Anapoanzishiwa dawa za kupunguza makali ya HIV, chembe T hurudi na kukuta mabaki ya bakteria kila mahali. Huyashambulia yote kwa pamoja. Homa hurudi, tezi za shingo huvimba, kikohozi huongezeka, na mgonjwa husema dawa zimemdhuru.

Kumbe ni kinga iliyofufuka. Hali hiyo inajulikana sana na madaktari, na kwa kawaida dawa haziachwi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2011, likiwemo moja kubwa la Kambodia, yalithibitisha kwamba kwa wenye chembe T chache sana, kuanza dawa za HIV wiki mbili baada ya zile za kifua kikuu huokoa maisha ya wengi kuliko kungoja miezi miwili, licha ya kishindo hicho kutokea mara nyingi zaidi. Kifua kikuu cha utando wa ubongo ni ubaguzi, kwani uvimbe ndani ya fuvu hauna pa kwenda, na huko huhitajiwa tahadhari zaidi. Mwaka wa 2018 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba prednisoni, dawa ya kutuliza kinga, ikitolewa kwa wiki nne hupunguza matukio hayo kwa wagonjwa walio katika hatari. Mgonjwa hapaswi kujitafutia dawa hizo dukani. Kutuliza kinga bila kujua kama tatizo ni kishindo cha kinga au ni bakteria sugu ni kumfungulia adui mlango.

Njaa ya mwezi wa pili

Kuna badiliko moja la mwili ambalo halizungumzwi vya kutosha. TNF ikishuka, njaa hurudi, na huwa njaa kali. Mwili unadai kujenga upya misuli uliyoila. Katika mwaka wa mavuno hilo ni jambo la furaha, sufuria ya muthokoi ikiwa mekoni. Lakini Ukambani mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo kuu, na inapokosekana ghala huwa tupu kwa miezi mingi. Vidonge vinavyomezwa tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu kwa wengi, na mgonjwa huanza kuviona kama ndivyo vinavyomtesa.

Ongeza hapo nauli ya kufuata dawa, kibarua kinachopotea siku ya kliniki, na hali kwamba mwezi wa nne au wa tano wa tiba huenda ukaangukia msimu wa kulima. Anayeacha dawa katika mazingira hayo si mjinga. Amepima gharama anayoiona dhidi ya hatari asiyoihisi. Ndiyo maana mizani ya kupimia uzito katika zahanati ni kifaa chenye maana kubwa kuliko kinavyoonekana. Kwa kukosekana kwa maabara ya kusoma jeni, uzito unaopanda ni dalili ya karibu kabisa kwamba mapigano ndani ya mwili yanapungua, na uzito unaoshuka katikati ya tiba humfanya mhudumu makini aulize kuhusu chakula, kuhusu vidonge vilivyorukwa, kuhusu HIV na kuhusu usugu.

Kipimo kingine ni makohozi. Hupimwa mwishoni mwa mwezi wa pili, kisha mwezi wa tano na tiba inapokwisha. Hutafutwa kwa darubini, mbinu ya tangu enzi za Koch. Mashine ya GeneXpert, ambayo imesaidia mno kugundua ugonjwa na usugu wa rifampisini kwa muda wa saa mbili hivi, haifai kwa kufuatilia tiba, kwa kuwa hutambua chembechembe za urithi za bakteria hata baada ya bakteria wenyewe kufa.

Yanayobaki baada ya kidonge cha mwisho

Je, mgonjwa anapomaliza miezi sita bakteria wote huwa wamekufa? Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, na washirika wao ulitoa jibu lililowashangaza wengi. Walipiga picha za mapafu ya wagonjwa kwa mashine inayoonyesha mahali ambapo chembe za mwili zinatumia sukari kwa wingi, yaani mahali penye uvimbe. Wengi wa waliohesabiwa kuwa wamepona bado walikuwa na sehemu zinazowaka, na kwa baadhi yao sehemu hizo zilikuwapo hata mwaka mmoja baadaye. Katika makohozi au maji ya kuoshea mapafu ya baadhi yao kulikuwa na dalili za bakteria wanaofanya kazi. Hata hivyo wengi wao walibaki wazima.

Maana yake ni kwamba kwa watu wengi dawa hupunguza bakteria hadi kiwango ambacho chembe za kinga zinaweza kuwashikilia zenyewe. Kuponya ni kazi ya wawili. Miezi sita huacha mabaki machache mno. Miezi miwili huacha mabaki ambayo kinga ya mtu mmoja kati ya kadhaa haitaweza kuyashikilia, na hakuna kipimo cha damu kilichoenea katika zahanati kinachoweza kumtambua mapema mtu huyo ni nani. Hicho ndicho kitendawili ambacho watafiti wa Mbeya, Cape Town na kwingineko wanajaribu kukitegua, ili siku moja anayehitaji miezi minne apewe minne na anayehitaji minane asikatizwe.

Pafu lenyewe huponyeka kwa makovu. Uchunguzi wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa mwaka wa 2020 ulikuta takriban thuluthi moja ya watu waliomaliza tiba wakiwa na upungufu wa pumzi unaopimika, wengi wao wakiwa bado vijana. Kwa hiyo anayepanda mlima wa Kasikeu na mtungi wa maji mgongoni mwaka mmoja baada ya kupona, akalazimika kupumzika mara mbili njiani, si lazima awe amerudiwa na ugonjwa.

Lakini anayeanza tena kukohoa kwa wiki mbili, kutokwa na jasho usiku au kupungua uzito anapaswa kurudi kituoni na kueleza kwamba aliwahi kutibiwa. Kipimo cha ngozi cha tubakyulini hakitamsaidia, wala kile cha damu kinachopima interferoni gama, kwani chembe T za kumbukumbu hubaki mwilini kwa miaka mingi na huitikia vipimo hivyo iwe bakteria wapo au hawapo. Anayehitajika kutafutwa ni bakteria aliye hai. Makohozi ya mgonjwa wa namna hiyo hupimwa usugu na hupandwa katika maabara, ambako bakteria huachwa wakue kwa wiki kadhaa, na matokeo ndiyo huamua dawa atakazopewa mara ya pili.